Sikukuu ya bustani Bukavu: nani anashika filimbi?

Fungua kalenda ya watu wa bustani hapa Bukavu. 8 Machi ni siku ya wamama. 1 Mei ni siku ya kazi. 15 Oktoba ni siku ya wamama wa vijijini, na kesho yake, 16 Oktoba, ni siku ya chakula duniani. Kisha inakuja 5 Desemba, siku ya mti katika nchi yetu na siku ya udongo duniani. Katika siku hizo vikundi vya bustani vinatoka pamoja: wanalima, wanapanda, wanaalika majirani na wakubwa wa kartie, wanapika, wanaimba.

Siku zote hizo zinaanguka ndani ya mvua. Kwetu mvua inaanza Septemba na inaendelea mpaka Mei. Kiangazi ni Juni, Julai na Agosti. Sikukuu za kiangazi tunazo, kama 30 Juni na 1 Agosti, lakini wakati huo kilima kimekauka, na wanaopanda ni wale wenye bustani mabondeni karibu na maji.

Basi, kikundi kinachoandaa sikukuu ya bustani Bukavu kinaandaa pia kitu kingine, hata kama hakijakitaja kwenye barua ya mwaliko: mkutano wa watu wengi, mahali pa wazi, kwenye mteremko, katika majira ya radi. Hapa tunaeleza hatari zenyewe ni zipi na namna ya kuzipunguza. Lakini jambo moja linatangulia yote: siku hiyo awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusimamisha kazi, na neno lake lisikilizwe hata kama mgeni wa heshima hajamaliza kusema.

Siku hizo zilitoka wapi?

Siku ya chakula inakumbuka kuanzishwa kwa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, tarehe 16 Oktoba 1945. Siku ya wamama wa vijijini ilikubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, ikaadhimishwa mara ya kwanza 15 Oktoba 2008. Siku ya udongo ilianza rasmi 5 Desemba 2014.

Hapa kwetu siku hizo zimekutana na desturi ya zamani zaidi, kazi ya pamoja ambayo tangu wakati wa Mobutu watu wanaiita salongo. Ndiyo maana sherehe yetu ya bustani haifanani na ile ya kukaa kwenye viti na kusikiliza hotuba peke yake. Watu wanakuja na jembe, na mupanga, na watoto mgongoni. Wanapanda lengalenga, shu, karoti, puaro na miti ya kushika udongo, kisha ndipo wanakula.

Kwa nini siku ya sherehe ina hatari kuliko siku ya kawaida?

Siku ya kawaida, mama yuko kwenye bustani yake. Anajua jiwe liko wapi, anajua tuta gani linateleza, na akiona wingu jeusi anabeba jembe na kurudi nyumbani. Hamwombi mtu ruhusa.

Siku ya sherehe mambo matatu yanabadilika. Kwanza, wanakuja watu wasioijua ile ardhi: wanafunzi, waimbaji, jamaa kutoka kartie nyingine. Pili, watu wengi wanashika majembe na mipanga katika nafasi ndogo, na watoto wanapita katikati yao. Tatu, na hili ndilo kubwa, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Wingu linajengeka, kila mtu analiona, lakini utasikia: "Tumalize kwanza huu mustari." Au: "Tungoje kwanza mugeni aseme." Mama ambaye nyumbani angekimbia mapema anabaki, kwa sababu ya aibu na heshima.

Heshima ni kitu kizuri. Ila radi haingoji itifaki.

Radi: sisi tunaishi mahali gani?

Wataalamu waliohesabu radi za dunia nzima kwa kutumia chombo cha angani, kwa miaka 16, walitoa matokeo yao mwaka 2016. Mahali pa kwanza duniani palikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela, penye miali kama 233 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Mahali pa pili duniani, na pa kwanza Afrika yote, waliandika jina la Kabare, Kongo: miali 205. Sehemu yenyewe iko nyuma ya milima, upande wa magharibi wa Ziwa Kivu. Lakini sisi wa Bukavu tumezungukwa na Kabare, na mawingu hayasomi mipaka ya teritware.

Majirani wetu pia wanajua uzito wa jambo hili. Tarehe 10 Machi 2018, siku ya Jumamosi, radi ilipiga kanisa katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, watu wakiwa ndani ya ibada. Watu 16 walipoteza maisha na wengine wengi waliumia. Uganda, mwezi wa Juni 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, na watoto 18 wakafa. Mahali pote pawili watu walikuwa wamekusanyika chini ya paa moja.

Kwa hiyo fundisho la kwanza ni hili: si kila paa ni kinga. Shitingi iliyofungwa kwenye miti ya kivuli haikingi radi. Mabati, yale tunayoita manjanja, yaliyowekwa juu ya nguzo bila kuta hayakingi. Nyumba ndogo ya mbao inakinga mvua tu. Kinachosaidia zaidi ni jengo kubwa lenye kuta imara, nyaya za umeme na mabomba ya maji ndani yake, na bora zaidi lenye fimbo ya radi, yaani paratoneri. Hata humo ndani, kaeni mbali na kuta, milango, madirisha, bomba na nyaya.

Kinga nyingine nzuri ni gari lililofungwa lenye paa la chuma, vioo vikiwa juu. Moto haisaidii, na tukutuku la wazi halisaidii. Kama kikundi kimekodi gari la kuleta miche na masufuria, waelewane na dereva asiondoke mpaka mwisho.

Kanuni ya kukumbuka ni ya 30 na 30. Ukiona mwali, anza kuhesabu. Sauti ya radi inachukua karibu sekunde 3 kwa kila kilometa. Kama umesikia ngurumo kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilometa 10, nayo inaweza kupiga hapo ulipo hata kama juu ya kichwa chako kuna jua. Yaani radi inayolia upande wa Bagira inamhusu tayari mtu anayelima Panzi. Acheni kazi, ingieni ndani. Kisha ngojeni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kila ikilia tena, anzeni kuhesabu upya. Watu wengi wanapigwa wakati mvua imepungua na wao wanaharakisha kurudi kumalizia.

Kama mmekutwa mbali na jengo, shukeni kutoka mgongo wa kilima. Tokeni chini ya mti uliosimama peke yake na mbali na senyenge ya uzio. Wekeni majembe chini. Chuma hakiiti radi kutoka mbinguni, lakini mtu anayeinua jembe juu ya kichwa kwenye kilima kitupu anajifanya kitu kirefu kuliko vyote. Msilale chini, maana umeme unatembea ndani ya udongo. Msishikane wala msibanane: achaneni hatua kadhaa, ili mwali mmoja usiwaangushe wote. Na muendelee kutembea kuelekea jengo au gari. Kote huko nje hakuna mahali salama kabisa.

Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Unaweza kumgusa mara moja. Kama hapumui, mlaze chali, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua chake, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuchoka, mpaka msaada ufike. Kama wameanguka wengi, anza na wale wanaoonekana kama wamekufa: anayelia na kutikisika tayari anapumua. Wengi wamerudi kwa njia hiyo.

Na maneno mawili kuhusu imani. Simu ya mkononi haiiti radi, na nguo nyekundu haiiti radi. Vile vile, radi ikiua mtu, kuna wanaoanza kutafuta jirani "aliyeituma". Familia zimefukuzwa na wazee wamepigwa kwa sababu ya maneno hayo. Radi inatoka mawinguni, na kwetu mawingu hayo ni mengi kuliko karibu mahali pote duniani. Huo ndio ufafanuzi, na unatosha.

Mwenye filimbi

Sasa turudi kwa yule mtu mmoja. Kikundi kimchague siku chache kabla ya sherehe. Asiwe mwenye kusema hotuba, asiwe mpishi, asiwe mwenye kupokea wageni. Kazi yake ni kuangalia mbingu, kilima na watu. Apewe filimbi, maana sauti ya mtu haisikiki katikati ya nyimbo na majembe.

Rais wa kikundi au mwongozaji wa sherehe amtambulishe mbele ya wote mwanzoni kabisa, na aseme wazi: filimbi ndefu ikilia, kila mtu anaacha kazi na kwenda kwenye jengo tulilolionyesha, kuanzia kwa shefu wa avenyu mpaka kwa mtoto. Wageni wa heshima waambiwe mapema, kwa adabu: "Mukubwa wetu, tukikatiza neno lako, utusamehe, ni juu ya usalama wa watu." Mkubwa akikubali mbele ya watu, aibu inaondoka. Mama aliyekuwa anaogopa kuwa wa kwanza kukimbia sasa ana ruhusa ya wote.

Mwenye filimbi ajue pia jibu la maswali manne kabla ya siku: jengo la kukimbilia ni lipi na nani ana ufunguo wake, kituo cha afya kilicho karibu ni kipi na kama kinafungua siku ya sikukuu, nani kati yetu amefundishwa huduma ya kwanza, labda na Msalaba Mwekundu, na moto au gari gani litabeba mgonjwa.

Mteremko na maji

Bukavu imejengwa juu ya vilima, na udongo wake unatembea. Pale Funu, katika komini ya Kadutu, sehemu kubwa ya kilima yenye nyumba nyingi juu yake inateleza polepole, na wachunguzi wameifuata kwa miaka. Mwisho wa Desemba 2023, katikati ya sikukuu za mwaka, mvua kubwa iliua watu katika komini ya Ibanda. Na hakuna aliyesahau Kalehe, tarehe 4 Mei 2023: Bushushu na Nyamukubi zilizolewa na maji na matope, na watu zaidi ya 400 wakafa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu wamekusanyika.

Kwa kikundi cha bustani, maana yake ni hizi:

Usichimbe chini ya ukuta wa mawe wala kwenye mguu wa ukingo mrefu. Ukiondoa udongo wa chini, wa juu unafuata.

Limeni kwa mistari inayokata mteremko, msilime kutoka juu kwenda chini. Mistari inayoshuka inakuwa njia ya maji.

Msipange watu wawili mmoja juu ya mwingine. Jiwe likiponyoka mikononi mwa wa juu linampata wa chini.

Ukiona ufa mpya ardhini, mti ulioinama kuliko juzi, au chemchemi iliyoanza kutoka matope, hamisheni sherehe. Kama ilinyesha usiku kucha, ahirisheni. Miche itangoja juma moja bila shida.

Msiweke jiko la chakula wala mahali pa watoto kwenye korongo au ukingo wa mto kama Kawa au Wesha. Mvua ya juu kilimani inaweza kuleta maji chini, mahali ambapo bado hapajanyesha.

Majembe, mipanga na watoto

Mpangilio rahisi unazuia majeraha mengi. Kati ya mtu na mtu anayelima, acheni hatua tatu nzima. Wote waelekee upande mmoja na kusonga pamoja. Kabla ya kuanza, kila mtu akaze mpini wake: jembe linalocheza kwenye mpini ni risasi. Mipanga ya kufyeka itangulie asubuhi, kabla ya wageni, kisha ikusanywe na kuhesabiwa. Jembe likiwekwa chini, makali yaangalie udongo.

Watoto wapewe kazi yao, mbali na majembe: kumwagilia kitalu kwa vikopo, kubeba miche, kupanda mbegu kwenye mifuko ya udongo. Mtoto mwenye kazi hazunguki nyuma ya mtu anayeinua jembe.

Vaeni viatu. Bote za plastiki ni bora, lakini hata viatu vya zamani vinashinda miguu mitupu, maana udongo wetu una vioo, misumari na mayai ya minyoo. Na jua la mita 1,500 juu ya bahari linachoma hata siku ya baridi: kofia au kitambaa, na maji ya kunywa kwa kila mtu. Kasiksi ingoje mpaka majembe yote yamerudi stoo.

Kidonda kidogo kisidharauliwe

Vijidudu vya pepopunda, yaani tetanosi, vinaishi katika udongo na mavi ya wanyama, na vinapenda kidonda chembamba kinachoingia ndani, kama cha msumari au jino la reki. Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, kisha nenda kituo cha afya ukaulize chanjo. Usipake majivu, mafuta ya gari wala mavi ya ng'ombe. Wamama wengi walichomwa sindano hiyo wakati wa mimba. Wapapa na vijana wajiulize: ya mwisho ilikuwa lini?

Nyoka akiuma, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mguu utulie bila kutembezwa, na mgonjwa abebwe hospitali.

Dawa za wadudu

Siku ya sherehe hakuna kupulizia dawa, hata kidogo, hata kama ni "kuonyesha wageni". Na mboga zitakazopikwa siku hiyo ziwe zimepita siku za kungoja zilizoandikwa kwenye lebo. Tatizo ni kwamba sokoni dawa nyingi zinauzwa kwa vipimo vidogo, katika chupa ya soda au mfuko usioandikwa kitu. Dawa isiyo na lebo haina siku za kungoja unazoweza kuhesabu, basi usiinunue. Chupa tupu itobolewe isiwekewe tena mafuta wala maji, na dawa ikae mahali pa kufungwa, mbali na jikoni.

Chuma usichokijua

Vita vimepita katika mji huu mara kadhaa: 1996, 2004, na tena Februari 2025. Jembe likigonga chuma chenye umbo la ajabu, acha hapo hapo. Usikiguse, usikirushe, usikimwagie maji. Rudi kwa njia uliyokuja nayo, weka alama kwa mbali, zuia watoto, ita wakubwa wa kartie ili wataalamu waitwe. Kazi ya siku hiyo imekwisha mahali hapo.

Mfano wa ratiba

Kwetu mawingu ya radi mara nyingi yanajengeka mchana. Basi kazi ya nje iwe asubuhi na maneno yawe ndani.

Saa kumi na mbili na nusu: mwenye filimbi anakagua uwanja, mipini na jengo la kukimbilia. Wafyekaji wanafanya kazi yao.

Saa moja na nusu: wageni wanafika. Utambulisho mfupi, mwenye filimbi anaonyeshwa, filimbi inapigwa mara moja ili wote waijue sauti yake, na watu wanaonyeshwa njia ya jengo.

Saa mbili mpaka saa nne na nusu: kulima na kupanda, na mapumziko ya maji katikati. Mgeni wa heshima apande mti wake mapema, asingojewe mpaka mwisho.

Saa tano: vifaa vinahesabiwa, watu wananawa kwa sabuni, wote wanaingia ndani.

Baada ya hapo, hotuba, nyimbo, bugali na sambaza, chini ya paa lenye kuta. Mvua ikija wakati huo, itanyeshea miche iliyokwisha kupandwa, ndicho kitu tulichokuwa tunakiomba.